Kuku wa Kukhu, Bata Mzinga wa Baba

Kuku walikuwa wa Kukhu. Bata walikuwa wa kitinda mimba wetu, aliyepewa na mjomba wake wakati wa likizo. Bata mzinga walikuwa wa mume wangu, na hao hata hawakuwa wamefika, ila walikuwa wametajwa mezani kiasi kwamba kila mtu aliwahesabu. Mimi sikuwa na ndege hata mmoja. Ndiyo sababu nikakabidhiwa futi, penseli na daftari la mirabamiraba, nichore banda na ua vitakavyowatosha wote bila kupendelea.

Tunaishi Mumias, upande wa Shibale, kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Ukitoa nyumba, jiko la nje, choo, tangi la maji na migomba, kinachobaki ni kipande cha nyuma kinachopakana na shamba la miwa. Kushoto kwetu anaishi mwalimu mstaafu, mama mtaratibu ambaye bustani yake ya kunde na mrenda ndiyo inayomtoa kitandani alfajiri. Kuku wa Kukhu walikuwa wakiamka kabla yake. Siku moja alibisha hodi akiwa na miche ya kunde mkononi, mizizi ingali na udongo. Hakugomba. Aliiweka juu ya ukuta wa baraza akasema, "Mama Watoto, wageni wangu wa asubuhi wamenifikia tena." Jioni Kukhu alimpelekea mayai na pole, wakanywa chai, lakini sote tukajua kuzurura kwa kuku kumefika mwisho.

Kwa mtu wa mbali, kuku ni kitoweo. Hapa Uwanga, na Uluhyani kote, kuku ndiye anayesema kwamba mgeni amepokelewa. Mkwe hatoki nyumbani bila kuandaliwa ingokho na ugali, na akiandaliwa mboga atarudi kwao na neno la kusimulia. Mji wenyewe ulikua kwa kulisha wageni. Msafiri Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, mahali hapa palijulikana kwa jina la Kwa Shiundu, baba yake Nabongo (mfalme) Mumia, na misafara kutoka pwani ilitua hapa kununua chakula kabla ya kuendelea Uganda. Baadhi ya Waswahili waliokuja na misafara hiyo hawakurudi. Misikiti ya Mumias na Kiswahili kinachozungumzwa sokoni ni sehemu ya walichokiacha.

Kukhu, ambaye ni mama mkwe wangu lakini sote tumezoea kumwita kama watoto wanavyomwita, alilelewa na bibi ambaye hakuwahi kuonja kuku maishani. Bibi huyo alifuga, akakamata, akanyonyoa, akapika na kuandaa, kisha akakaa jikoni na mboga yake, kwa kuwa nyama ya kuku na mayai vilikuwa mwiko kwa wanawake, na firigisi ilikuwa ya mwenye boma. Mwiko ulilegea polepole, kwa shule na dini na kwa wanawake wenyewe kuchoka nao. Kukhu hula kuku na hula firigisi. Tena kuku wake ndio waliowalipia baba ya watoto wangu na dada zake karo pale hela za miwa zilipochelewa. Mtu akizungumzia kuku wake bila kumshirikisha, humnyamazia mpaka aone haya mwenyewe.

Kwa hiyo nilimshirikisha tangu mstari wa kwanza. Kuku wakubwa wa kienyeji hawapaswi kuzidi 5 kwa mita moja ya mraba ndani ya banda. Ukizidisha, hewa inawachoma macho na wanaanza kudonoana manyoya. Nikachora banda la mita 2.5 kwa 2, wakae kwa nafasi na vijana wao. Kila kuku anahitaji sentimita 20 za ufito wa kulalia, na fito ziwe juu kuliko viota. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa pa kulala, na kiota kikizidi fito kwa kimo, atalala humo, akichafue, na asubuhi mayai yote yawe na mavi. Kiota kimoja, cha sentimita 30 kila upande na chenye giza kidogo, kinatosha mitetea watano.

Banda nililiweka urefu wake uelekee mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Nusu ya juu ya kuta ndefu ni wavu, hewa ipite. Mvua ya alasiri ya Mumias haidondoki wima. Huja na upepo na huingia kwa mshazari, basi paa nililiacha litokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Ua niliugawa mara mbili kwa mlango katikati: upande mmoja utumike, mwingine upumzike nyasi ziote. Ua mdogo usiogawanywa huwa tope jekundu baada ya msimu mmoja wa mvua, na tope ndilo kitovu cha maradhi mengi ya kuku, kuanzia minyoo hadi kuhara damu.

Kukhu aliutazama mchoro kwa muda, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Jiko liko wapi humu?"

"Hamna jiko, Mama. Ni la kuku peke yao."

"Na moshi utatoka wapi?"

Tangu aolewe, kuku wake walilala jikoni, majogoo juu ya kuni na wenye vifaranga ndani ya tenga, makaa yakizimika taratibu karibu nao. Mwizi hawezi kuingia jikoni usiku bila kusikika, na mdudu hapendi moshi. Nilimweleza habari ya hewa, ya mavi kwenye sufuria, ya mafua ya watoto. Alikubali yote hayo, kisha akauliza, "Na siafu mmewawekea nini?"

Mume wangu akajibu kwamba siafu hawajaonekana mtaani kwetu kwa muda mrefu. Kukhu akakunja daftari akanirudishia.

Fundi tulimtoa Ekero, kijana hodari ambaye mlango wake haukwaruzi sakafu. Ugomvi wetu naye ulikuwa wa wavu. Alileta ule mwepesi wa pembe sita, wenye matundu mapana, akisema ndio wavu wa kuku na kila mtu hununua huo. Wavu ule unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie, kifaranga hupenya kwenye matundu yake, na kanu hupitisha mkono usiku akavuta kichwa cha kuku aliyelala karibu. Nilitaka sehemu ya chini ya ua, kufikia magotini, iwe wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, ushuke ardhini kisha ukunjwe kuelekea nje sentimita 30 na kufukiwa. Mnyama anayechimba huanzia pale wavu unapogusana na udongo. Akikuta wavu mwingine chini ya makucha yake hafikirii kurudi nyuma hatua mbili. Fundi aliona ni kupoteza chuma kukizika. Tulikubaliana aweke pande tatu, wa nne usubiri mwisho wa mwezi.

Nguchiro hakusubiri mwisho wa mwezi. Alikuja mchana kweupe, saa ambayo watu hudhani hakuna hatari, akapitia upande ule wa nne. Nilikuta shimo dogo, safi, udongo umerushwa nyuma na kurundikana vizuri, na manyoya mawili ya manjano yamenasa kwenye ncha ya waya. Mama wa kifaranga aliyechukuliwa alikuwa amesimama juu ya paa la banda, amevimba mara mbili ya ukubwa wake, akilia kwa sauti ambayo watoto walisimulia mpaka usiku. Fundi alirudi siku iliyofuata na wavu mgumu alioukopa kwa rafiki yake, akauzika bila kuambiwa.

Kutoka juu kuna mwewe. Huyo tulimpangia mpasheni. Tulinyoosha waya kutoka mti hadi mti, tukapanda miche pembeni, na wakati mipasheni inatambaa tukafunga kamba za nailoni zikipishana. Mwewe hapendi kushuka mahali asipoona njia ya kupandia. Mipasheni imetupa kivuli pia, na kuku wanakihitaji kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa jua kali hupanua midomo na kuinua mabawa, na wakikosa kivuli mayai hupungua.

Hapo ndipo shemeji yangu alipojitokeza na mayai ya kanga aliyoyapata mahali. Kanga ni ndege mzuri, hupiga kelele akiona nyoka au mgeni, na mume wangu macho yalimng'aa. Lakini kwa sheria ya Kenya kanga ni mnyamapori na kumfuga kunahitaji kibali cha shirika la wanyamapori, KWS. Nilisema ndege wa kibali wakae kwa mwenye kibali. Shemeji alinuna kidogo, akala chakula cha jioni, akaondoka na mayai yake.

Bata ndio walionifundisha kuanza mchoro wowote kwa maji. Wetu ni wale wanaoonekana vijijini kote, wenye uso mwekundu wa vinundu, wasiopiga kelele bali hupumua kwa kufoka. Chumba chao pembeni ya banda kilikuwa kinangoja mabati, basi wakalala na kuku kwa muda, chini ya fito. Mwanangu aliwawekea beseni la maji. Bata hali bila maji: huchukua tonge la unga, hukimbilia maji, huchovya, hurudi, na kila safari humwaga. Lazima pia apate maji ya kina cha kuzamisha kichwa chake hadi macho, vinginevyo macho na pua huziba. Kwa hiyo huwezi kumpa chombo chembamba cha kuku ukasema umemaliza shida. Asubuhi ya kwanza sakafu ilikuwa chepechepe.

Na sakafu yenyewe ilikuwa na historia. Badala ya maranda ya mbao, shemeji alikuwa ametuletea magunia ya makapi ya miwa kutoka kiwanda kidogo cha sukari nguru. Tangu kiwanda kikubwa cha Mumias kianze kusaga miwa mwaka 1973, watu wa hapa wamezoea kuyaona makapi yakirundikwa hadi kuwa milima, na kumwambia mtu wa Mumias anunue maranda ni kama kumwambia mvuvi wa Port Victoria anunue maji. Makapi hunyonya unyevu kweli. Yakikauka vizuri na kugeuzwa mara kwa mara, yanafaa. Yetu yaliletwa mabichi, yana sukari ndani bado, na bata wakayaongezea maji. Baada ya muda mfupi ukiyafukua kwa mkono chini yalikuwa ya moto, yenye utando wa kijivu, na vumbi lake lilikwaruza koo. Kuvu la namna hiyo huingia kwenye mapafu ya ndege. Vifaranga wawili wakaanza kunyoosha shingo na kupumua midomo wazi, bila mlio, bila kamasi. Muuzaji wa agroveti alipendekeza dawa ya mafua. Afisa wa mifugo wa wadi, aliyekuwa akipita kwa pikipiki, aliinama, akachota konzi ya makapi, akainusa akaitupa. "Toeni haya yote leo," alisema. "Dawa yake ni koleo."

Tulifagia mpaka giza likaingia. Seremala wa barabara ya kwenda Bungoma alitupa maranda makavu kwa bei ya gunia tu. Kifaranga mmoja alipona, mwingine hakupona.

Mabati ya bata yalipatikana wiki hiyohiyo, na hatimaye nikaliweka beseni mahali pake: nje, mbali na malazi, juu ya shimo lililojazwa kokoto na kufunikwa kwa wavu mgumu. Bata husimama juu ya wavu, humwaga wanavyotaka, na maji hupenya kwenye kokoto na kufuata mfereji hadi kwenye migomba. Migomba ile imefurahia kuliko sisi sote. Faida nyingine ya kuwatenga ni dume. Dume la bata likiwa na majike wachache hupanda mitetea wa kuku, na kwa kuwa maumbile yake si sawa na ya jogoo, humuumiza kuku vibaya ndani. Mwanangu alipouliza kwa nini dume lake limefungiwa, Kukhu alimjibu kwa Kiluhya jambo ambalo sikulisikia vizuri, naye hakuuliza tena.

Siafu walikuja usiku baada ya mvua kubwa. Ninalisimulia hili taratibu kwa sababu watu wa mjini hudhani siafu ni sisimizi wakubwa. Ni jeshi. Hutembea kwa mstari mnene, askari wenye vichwa vikubwa wakiwa pembeni, taya wazi, na wanapofika kwenye kiumbe kisichoweza kukimbia humpanda wote pamoja kabla wa kwanza hajauma. Kuku aliye kwenye ufito anaweza kuruka. Kuku anayeatamia hawezi, kwa sababu hataki. Atakaa juu ya mayai yake akiliwa.

Aliyesikia ni Kukhu. Hakusikia kelele, alisikia kunyamaza kwa jogoo saa aliyozoea kuwika, kisha mguno. Alinigongea dirishani. "Mwanangu, amka, wamefika." Nilipomulika taa, ukuta wa banda ulikuwa unatembea. Banda tulilijenga juu ya miguu ya sentimita 75, na mume wangu alikuwa ameisimamisha kila mguu ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa oili chafu ya gari. Makopo yalifanya kazi. Chini ya kila mguu siafu walikuwa wamezunguka ukingo wa kopo, wengine wamezama, na hakuna aliyevuka. Walikuwa wamepita kwenye ngazi. Ngazi ya kupandia kuku, ubao mmoja wenye vijiti, iliegemea mlango kutoka chini, na ubaoni ndipo mstari wote ulipopanda.

Mume wangu aliipiga teke ngazi ikaanguka. Mimi nilifungua mlango, kuku wakamwagika gizani wakipiga mabawa usoni mwangu. Kukhu aliingia na mikono mitupu mpaka begani, akamvuta kuku aliyekuwa anaatamia, akambwaga kwenye beseni la bata na kumsugua chini ya mabawa, palipokuwa pamejaa siafu. Kisha akatuma watoto jikoni walete majivu, yote, na makaa yaliyobaki. Alimwaga majivu kuzunguka banda, akaweka makaa na majani mabichi upande unakotoka upepo, na mstari ukaanza kupinda. Hakuna aliyesema neno kuhusu moshi ulioulizwa siku ya mchoro. Mayai yalipotea. Kuku alipona, akabaki na kipara kifuani, na msimu uliofuata akaatamia tena na kutotoa.

Sasa ngazi hupandishwa ndani kila jioni, na kazi hiyo ni ya kitinda mimba, akitaka asitake. Nyasi zinazozunguka miguu hukatwa fupi, kwa maana jani moja lililoinama likagusa ukuta linatosha kuwa daraja. Makopo yana vifuniko vya bati juu yake, mvua isijaze oili ikafurika, na wavu mdogo unaozuia vifaranga wasichovye midomo.

Nafika kwa bata mzinga, na hapa ndipo roho yangu ilipoumia zaidi, maana nilikuwa nimesoma na nilikuwa nimesema. Kuku hubeba ugonjwa unaoitwa kichwa cheusi, ingawa kichwa chenyewe si lazima kiwe cheusi. Kijidudu chake husafiri ndani ya mayai ya mnyoo mdogo anayekaa kwenye utumbo wa kuku. Kuku hupata taabu kidogo au hapati kabisa. Mayai ya mnyoo hukaa kwenye udongo kwa miaka, nyungunyungu humeza na kuyahifadhi, na bata mzinga akidonoa mahali hapo, kijidudu huhamia kwenye ini lake. Dawa zilizokuwa zikitumika zamani zimeondolewa moja baada ya nyingine. Marekani, wanaofuga bata mzinga kwa mamilioni, waliondoa ya mwisho iliyoidhinishwa mwishoni mwa 2015 kwa kuwa ilikuwa na aseniki. Kinachobaki ni kuwatenga. Na kuwatenga maana yake ni udongo tofauti. Ukuta peke yake hautoshi pale ambapo kuku wamekanyaga tangu jadi.

Mume wangu alisikiliza yote haya kwa heshima. Halafu rafiki yake wa Bungoma akampigia simu kwamba makinda yako tayari, na bei ni ya kirafiki. Yalifika kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu, yenye shingo ndefu na macho ya kuuliza, na hakuna aliyeweza kuyachukia. Yalipendeza kweli. Yalimfuata mume wangu uani kutoka ukuta hadi ukuta, na akiketi yaliketi juu ya viatu vyake. Tuliyaweka chumba cha mwisho, tukatia sakafu ya mbao, tukayalisha humo. Lakini kinda la bata mzinga likikua linataka jua na majani, na jua letu lote liko juu ya udongo wa kuku. Aliyatoa nje kidogo jioni. Kila jioni kidogo.

Siku moja kinda moja likasimama peke yake, mabawa yameshuka, macho nusu. Mavi yake yalikuwa ya manjano ya kiberiti, rangi usiyoweza kuikosea ukishaiona. La pili likafuata, na la tatu. Afisa wa mifugo alipasua lililokufa juu ya gunia nyuma ya jiko. Alinyoosha ini kwenye mwanga: lilikuwa limevimba, lina madoa ya mviringo ya kijani na manjano, kila doa limebonyea katikati na ukingo umeinuka. Hakuhitaji kueleza mengi. Mume wangu alikuwa amechuchumaa karibu naye, ameshika kisu ambacho hakikuhitajika, na sikumwambia lolote kuhusu niliyoyasema. Hakuwa mtu wa kuambiwa siku hiyo.

Mawili yaliyobaki aliyapeleka kwa kaka yake Matungu, kwenye kipande kilichokuwa cha miwa, mbali na nyumba, ambapo hakuna aliyewahi kufuga kuku. Kule amejenga chumba cha pekee, ana viatu vya mpira ambavyo havirudi huku, na ana jembe la hukohuko. Chumba chao cha hapa kilioshwa, kikaachwa kwenye jua, na Kukhu akakichukua kwa kuku wenye vifaranga, jambo alilolitaka tangu mwanzo na alilolisema kwa maneno machache siku ya mchoro; kwenye ukurasa wa mchoro huo baadaye nilikuta ameweka alama ya mkaa pembeni.

Ndege yeyote mgeni sasa anapitia kwenye tenga kando ya tangi kwa angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa, hata awe kuku wa zawadi, hata aliyemleta awe mkwe. Newcastle, maradhi ya kuku, inaogopwa Uluhyani kuliko mwizi, na hupita sana karibu na Krismasi, wakati kuku wanasafiri kwenye mabasi na pikipiki kutoka boma hadi boma. Bata anaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili, akaipeleka kwa kuku waliolala jirani. Tunachanja kila miezi mitatu, tone moja la jicho kwa kila ndege, chanjo ya KEVEVAPI, taasisi ya chanjo za mifugo, kutoka agroveti. Chupa ikishachanganywa haiwekwi, na ina dozi nyingi kuliko ndege wetu, hivyo mwalimu jirani anatangaza mtaa mzima, na asubuhi ya chanjo watu wanakuja na kuku kwapani, wanapanga foleni karibu na bustani yake ya kunde. Mwaka huu na yeye amenunua mitetea wawili. Wanalala jikoni kwake, na Kukhu ameenda kumwonyesha mahali pa kuweka tenga.

Jumapili iliyopita mume wangu alirudi kutoka Matungu amefurahi. Dume limeanza kufungua mkia, alisema, na kufikia mwisho wa mwaka litakuwa zito. Kukhu alikuwa anachambua mahindi barazani.

"Na wakishakua utawaleta huku?"

"Watakuja wamechinjwa, Mama."

"Basi na manyoya myaache hukohuko."